Ganzi Inayouma

Hombolo iko kaskazini-mashariki mwa Jiji la Dodoma, umbali wa kilomita zipatazo 40, pembeni mwa bwawa lililojengwa mwaka 1957. Wageni wengi wanaijua kwa samaki wa bwawa hilo, kwa zabibu na kwa Chuo cha Serikali za Mitaa. Waganga na wauguzi wanaijua pia kwa kituo cha ukoma cha Dayosisi ya Central Tanganyika ya Kanisa Anglikana, ambako kwa miongo mingi watu wa Ugogo na wa mbali zaidi wamefika na mikono isiyohisi moto na nyayo zisizohisi mwiba. Ndiyo maana ni mahali panapofaa kuulizia swali ambalo kliniki nyingi hulipa dakika chache tu: mtu amepasuliwa neva ya mguu, nyuzi zimetolewa, kovu limekauka, lakini mguu unawaka moto usiku kucha. Je, amepona, hajapona, au ameingia ugonjwa mwingine?

Mimi naona kwamba maumivu haya mara nyingi ni tatizo linalojitegemea, lenye sababu zake na tiba yake, na kwamba tunalikosea pande zote mbili. Mgonjwa anaamini kisu kimemharibu. Mhudumu anaona kovu zuri, anaandika kuwa amepona, anamwita anayefuata. Kati ya hao wawili hakuna anayeuangalia mguu, na mguu wa namna hii usipoangaliwa huharibika upesi.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Bakteria wa ukoma, aliyegunduliwa na Armauer Hansen huko Norwei mwaka 1873, hupenda sehemu za mwili zenye ubaridi kidogo, na hujificha ndani ya seli zinazozifunika neva. Kwa hiyo hushambulia neva zinazopita karibu na ngozi: ile ya kiwiko, ile inayozunguka chini ya goti kwa nje, na ile inayoshuka nyuma ya kifundo cha mguu kwa ndani kwenda kwenye unyayo. Hii ya mwisho ndiyo inayotuhusu zaidi. Hupita katika njia nyembamba, upande mmoja mfupa, upande mwingine utando mgumu usiotanuka. Kinga ya mwili ikiamka ghafla kupambana na bakteria, hata na mabaki ya bakteria waliokwisha kufa, neva huvimba, na katika njia ile huwa kama mguu uliovimba ndani ya kiatu kilichobana. Damu haifiki vizuri. Siku chache au wiki chache zinatosha unyayo kufa ganzi.

Tiba ya kwanza ya uvimbe huo ni prednisoloni, kwa kawaida kuanzia miligramu 40 kwa siku na kupunguzwa polepole kwa miezi kadhaa. Upasuaji hufikiriwa pale neva inapoendelea kuuma au kupoteza nguvu ilhali dawa inatumika, au usaha unapojikusanya ndani yake. Daktari hupasua ule utando na kuipa neva nafasi. Haondoi ugonjwa, haifanyi neva kuwa mpya. Mapitio ya Cochrane kuhusu upasuaji huu kwa wagonjwa wa ukoma yalikuta majaribio mawili tu yaliyopangwa kwa kura, yenye watu 88 kwa jumla, na baada ya miaka miwili waliopasuliwa na kupewa prednisoloni hawakuwa wamerudisha uwezo wa neva kuliko waliopewa prednisoloni peke yake. Kwa kisukari, ambako upasuaji wa aina hiyo hiyo umepigiwa debe sana Marekani, chama cha madaktari wa neva cha nchi hiyo kilitamka mwaka 2006 kwamba faida yake haijathibitishwa.

Sisemi kwamba upasuaji huu hauna kazi. Wapo watu ambao uchungu wao umepungua usiku ule ule, na usaha uliokaa ndani ya neva lazima utolewe. Lakini mgonjwa anayepanda gari kutoka kijijini kwenda mjini kupasuliwa anastahili kuelezwa kabla ya kusaini: huenda maumivu yakapungua, huenda yakabaki, na ganzi ya miaka mingi haitarajiwi kuondoka. Asiyeambiwa hivyo hurudi nyumbani na matumaini ambayo hakuna daktari angeyatetea, na maumivu ya mwezi wa tatu humkuta peke yake na hasira yake.

Kwa nini mguu uendelee kuuma? Sababu ni nyingi na hazina uzito sawa.

Ipo sababu njema. Uzi wa neva unaojijenga upya husonga kiasi cha milimita moja kwa siku. Kutoka kifundoni hadi ncha za vidole vya mtu mzima ni sentimita 20 hivi, maana yake safari hiyo huchukua miezi sita, saba au zaidi, kama itafika. Njiani uzi huo mchanga hauna utulivu. Hutuma kuchomachoma, kutambaa kwa wadudu chini ya ngozi, shoti za ghafla. Mtaalamu akigonga taratibu juu ya njia ya neva, mgonjwa huhisi mshtuko ukikimbilia vidoleni. Na kama mahali pa mshtuko huo panasogea mbele kliniki hadi kliniki, neva inatembea. Maumivu ya aina hii yanachosha, lakini hayadai kisu kingine.

Ipo sababu isiyo njema wala ya hatari ya papo hapo, nayo nadhani ndiyo inayowapata wengi. Neva iliyobanwa muda mrefu imekufa sehemu na kubaki hai sehemu. Zile nyuzi zilizojeruhiwa hujiwashia zenyewe bila kuguswa, na uti wa mgongo na ubongo, baada ya kupokea kelele hizo kwa miezi, huongeza sauti badala ya kuipunguza. Hapo ndipo linapotokea jambo ambalo mgonjwa akilisimulia nyumbani huonekana anatunga: unyayo hausikii msumari, lakini unawaka moto. Hatungi. Ganzi na uchungu hukaa katika mguu mmoja kwa sababu kinachoua hisia ya nje ndicho kinachozalisha maumivu ya ndani. Utafiti uliofanywa Mumbai na kuchapishwa mwaka 2011, kwa watu waliokwisha kumaliza dawa za ukoma, ulikuta zaidi ya mmoja kati ya kila watano ana maumivu ya aina hii. Hao walikuwa wamekwisha kuhesabiwa kuwa wamepona. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu, kilipoandika upya maana ya maumivu mwaka 2020, kiliweka wazi kwamba anachosema mgonjwa kuhusu uchungu wake kiheshimiwe. Nimeona kauli hiyo inahitajika zaidi mahali ambapo hakuna mashine ya kupima neva kuliko mahali ilipo.

Kisha zipo sababu ambazo hazingojei. Kinga inaweza kuwaka tena hata baada ya mtu kumaliza dawa za ukoma: neva inauma ukiibonyeza, mabaka yanakuwa mekundu, na, jambo la kutisha zaidi, nguvu inapungua, kidole gumba cha mguu hakiinuki, eneo la ganzi linapanuka. Kovu linaweza kuibana neva upya, au utando haukupasuliwa hadi mwisho. Na uambukizi unaweza kujificha ndani ya mguu usiohisi. Katika mguu huo usaha wa mfupani unaweza usiume pale ulipo. Utajulikana kwa joto la mguu, uvimbe, harufu, homa, na mitoki kinenani. Mtu akizoea kusema "ni yale maumivu yangu ya siku zote", anaweza kulala na mfupa unaooza.

Sababu nyingine hazihusu kisu wala ukoma. Kisukari, virusi vya ukimwi, pombe, upungufu wa vitamini B12, na dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi isipoambatana na vitamini B6, vyote huchoma miguu kwa namna ile ile. Mtu aliyepata ukoma hakukingwa na mengine. Kipimo cha sukari kwenye kituo cha afya ni tone la damu la kidoleni, na sioni kisingizio cha kukiruka.

Nikae kidogo kwenye yale watu wanayofanya wenyewe, kwa sababu hapo ndipo miguu mingi inapopotea. La kwanza ni maji ya moto. Kukanda ni tiba ya kila nyumba, na kwa misuli iliyochoka inafaa. Kwa unyayo wenye ganzi ni hatari kubwa: mgonjwa anapima joto kwa mguu usiojua joto, analala akiwa amepata nafuu, anaamka na malengelenge. Kukaa karibu na mafiga ili baridi ya Juni na Julai ipungue huleta janga lile lile. Pilipili inayopakwa kwenye ngozi ina ukweli ndani yake, maana kiini chake hutengenezewa dawa za kupaka za maumivu ya neva, lakini hizo hutumika kwa kipimo na uangalizi. Pilipili ya jikoni juu ya ngozi isiyohisi huunguza bila kutoa onyo. Chale hufungua mlango kwa vijidudu mahali ambapo damu ni haba.

Halafu kuna duka la dawa. Diklofenaki na aspirini hazikutengenezwa kwa kelele za neva. Mtu humeza kidonge, hapati nafuu, huongeza cha pili, na baada ya miezi anakuwa na vidonda vya tumbo au figo zilizochoka huku mguu ukiwaka vile vile. La hatari zaidi ni prednisoloni ya kujinunulia. Aliyewahi kupewa dawa hiyo kliniki anakumbuka jinsi ilivyomtuliza, kwa hiyo akizidiwa huifuata dukani. Bila uangalizi dawa hiyo hupandisha sukari na shinikizo la damu, hudhoofisha mifupa, huficha uambukizi, na kuiacha ghafla baada ya kuitumia muda mrefu ni hatari kwa maisha. Simlaumu anayefanya hivyo. Asiyelala usiku wa nne mfululizo atashika chochote kilicho karibu, na duka ndilo lililo karibu.

Dawa zenye ushahidi zipo, tena ya kwanza ni ya zamani na ya bei nafuu. Amitriptilini hupunguza maumivu ya neva kwa kipimo kidogo, kuanzia miligramu 10 au 25 jioni, na kupandishwa polepole. Haifanyi kazi siku ya kwanza. Ihukumiwe baada ya wiki kadhaa. Huleta usingizi, jambo ambalo kwa mgonjwa huyu ni baraka, hukausha mdomo, na haifai kwa baadhi ya wenye matatizo ya moyo, presha ya macho au tezi dume, hivyo wazee waulizwe kwanza. Gabapentini, pregabalini na duloksetini nazo zinasaidia, ila hazipatikani kila mahali na bei yake si ya kila mtu. Karbamazepini hutumika pia, kwa tahadhari ya vipele vikali vya ngozi. Na lazima lisemwe wazi: kwa wengi dawa hizi hupunguza maumivu, haziyafuti. Mtu aliyekuwa akiamka mara tano usiku akianza kuamka mara moja, tiba imefanya kazi. Asiyeelezwa hivyo ataacha dawa akidhani imeshindwa.

Kuna kikwazo cha Dodoma ambacho vitabu vya tiba havikijui. Amitriptilini ilianza kama dawa ya sonona, na mkoa huu ndio wenye Hospitali ya Mirembe, jina ambalo Tanzania nzima inalihusisha na ugonjwa wa akili. Mgonjwa akisikia kwa jirani kwamba vidonge vyake "ni vya Mirembe", anavificha au anavitupa. Dakika mbili za maelezo kabla ya kumkabidhi dawa zinazuia hilo: dawa ni ile ile, kipimo ni kidogo, kinachotibiwa ni neva ya mguu.

Kitu cha pili chenye nguvu ni utunzaji wa mguu wenyewe, na hapa waliopitia ukoma ni walimu wa watu wa kisukari. Kila siku loweka mguu katika maji ya kawaida, yasiyo ya moto, kwa dakika 20 au 30. Sugua magamba kwa jiwe laini. Usiufute ukakauka kabisa, paka mafuta ungali na unyevu. Mafuta ya alizeti, ambayo Dodoma na Singida yanakamuliwa kila kona, yanatosha. Kagua unyayo kwa macho, na kama macho hayafiki, mtoto au mwenzi akague. Kovu la upasuaji, pale ambapo hisia ipo, lizoezwe kuguswa: kwa pamba, kisha kanga, kisha kitambaa kigumu zaidi, dakika chache kila mara, hadi neva ijifunze kuwa mguso si shambulio. Mtaalamu wa mazoezi tiba ataonyesha namna ya kukunja na kunyoosha kifundo ili neva iteleze isigande kwenye kovu.

Daktari Paul Brand, aliyefanya kazi na watu wenye ukoma India Kusini tangu miaka ya 1940, aliwafundisha wenzake kwamba unyayo hauozi kwa sababu ya ukoma, bali hupasuliwa na hatua zile zile zinazogandamiza mahali pale pale maelfu ya mara. Fundisho hilo lilibadili viatu. Soli ya chini iwe ngumu, ya kuzuia miiba ya migunga. Ya juu iwe laini, ya kusambaza uzito. Mikanda iwe mipana. Na pasiwe na msumari hata mmoja. Katambuga za tairi zinatimiza sharti la kwanza, lakini fundi akizipigilia misumari zinageuka silaha. Azifunge kwa gundi na uzi, aongeze mpira laini juu.

Kazi ya shamba nayo ipangwe upya. Ugogo una msimu mmoja wa mvua, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, na palizi ya uwele na mtama haisubiri mtu apone. Zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na kati ya mavuno kuna kupogoa, kazi ya kusimama. Kumwambia mkulima apumzike miezi sita ni kumwambia asile. Linalowezekana ni kugawa: asubuhi kazi ya kusimama, jua likipanda kazi ya kukaa, hatua fupi na za taratibu, safari ndefu ya mguu ikatwe vipande viwili, katikati viatu vivuliwe na unyayo uguswe kwa kiganja. Sehemu iliyo na joto kuliko nyingine inaomba kupumzishwa leo. Nafahamu kwamba ugawaji huu unahitaji familia inayokubali, na familia hukubali ikiwa imeelewa kwamba baba au mama hajifanyi.

Hapo tunafika kwenye mfumo. Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma mwaka 1977. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa mchanganyiko mwaka 1981, na tangu 1995 zimekuwa zikitolewa bure duniani. Mwaka 2006 nchi ilifikia lengo la kitaifa la kuwa na chini ya mgonjwa mmoja kwa kila watu 10,000. Haya ni mafanikio makubwa na waliofanya kazi hiyo wanastahili heshima. Lakini mfumo huo ulijengwa kumhesabu bakteria. Bakteria akifa, baada ya miezi 6 au 12 ya vidonge, mtu anatolewa katika hesabu za wanaotibiwa. Dawa ya kumuua bakteria ni ya bure na ina njia yake. Dawa ya maumivu aliyoyaacha huingia foleni moja na dawa nyingine zote, na isipokuwepo mgonjwa huambiwa akanunue. Aliyempasua yuko mjini. Anayeumwa yuko Hombolo Makulu au mbele zaidi, na nauli ya bodaboda na daladala kwenda na kurudi inashindana na unga.

Sioni kwamba hili linahitaji jengo jipya. Linahitaji karatasi ya rufaa inayorudi, yenye maneno matatu au manne kuhusu kilichokutwa ndani ya mguu na kinachotarajiwa. Linahitaji zahanati iwe na amitriptilini na mtu aliyefundishwa kuitoa. Linahitaji mratibu wa kifua kikuu na ukoma, kila anapopima ganzi kwa ncha ya kalamu na nguvu ya vidole, aulize pia usingizi ulikuwaje, na aandike jibu. Kisichoandikwa hakiagizwi, hakipangiwi bajeti, na hakimfikii mganga anayefuata. Na kwa kuwa wenye kisukari wenye miguu ya aina hiyo hiyo wanaongezeka, kliniki moja ya miguu ingewahudumia wote, bila mtu kulazimika kujitangaza kuwa aliwahi kuwa na ukoma. Faida hiyo ya mwisho naiona kubwa kuliko zote: unyanyapaa ndio unaowafanya watu wakae na maumivu ndani ya nyumba.

Kwako wewe unayesoma ukiwa na mguu huo, au unayeishi na mwenye mguu huo: maumivu yaliyo yale yale kwa miezi, yasiyoambatana na kidonda, joto wala kupungua kwa nguvu, yapeleke kliniki ya kawaida na udai dawa ya neva, usikubali panadoli pekee. Lakini ganzi ikipanuka, kidole kikishindwa kuinuka, mguu ukivimba au ukipata joto, usingoje tarehe ya kliniki wala mwisho wa palizi. Nenda kesho asubuhi. Neva iliyoanza kudhoofika ina nafasi nzuri ya kurudi ikitibiwa ndani ya miezi sita ya kwanza, na nafasi hiyo hupungua kila wiki inayopita.